Mtani Msibani: Mchekeshaji wa Kisiasa na Wajibu wa Kusema kwa Uzito Wakati wa Janga katika Runinga ya Marekani, 2001–2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wachekeshaji wa kisiasa wa Marekani wanavyoweka mzaha kando na kusema kwa uzito taifa linapokumbwa na janga. Matini kuu zilizochambuliwa ni hotuba za Jon Stewart za mwaka 2001 na 2015, mabishano yake katika kipindi cha Crossfire mwaka 2004, ushahidi wake mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2019, pamoja na onyesho la Dave Chappelle la mwaka 2020 liitwalo 8:46. Uchambuzi umeongozwa na dhana ya utani kama inavyofahamika katika jamii za Tanzania, ambamo idhini ya kutania huambatana na wajibu wa kushiriki mazishi. Makala inadai kuwa uzito wa mchekeshaji haumtoi nje ya sanaa yake, bali ni malipo ya deni ambalo idhini ya mzaha ilikwisha kumtwika. Inadai pia kuwa malipo hayo hayapimwi kwa machozi. Yanapimwa kwa nafasi anayosimama msemaji, kwa kinga anayokubali kuiacha, na kwa kazi anayoifanya baada ya kusema.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kejeli, dhihaka, stihizai na tashtiti huorodheshwa kwa kawaida miongoni mwa mbinu za kisanaa. Mhakiki hubainisha mahali mbinu ilipotumika, hutaja shabaha yake, kisha hueleza dhamira inayojengwa. Utaratibu huu una manufaa yake, lakini una pengo moja: hauna la kusema pale mbinu inapoondolewa. Msanii ambaye hadhira imemzoea kwa kejeli akisimama siku moja na kusema bila kejeli, mhakiki wa mbinu hubaki na mambo mawili tu ya kuchagua. Ama atasema kuwa siku hiyo hapakuwa na sanaa, ama atasifu hisia za msemaji na kuiacha matini yenyewe bila kuichambua.

Runinga ya Marekani inatoa data zinazolazimisha swali hili. Mwandishi wa riwaya ya tashtiti anaweza kunyamaza mwaka mzima baada ya msiba. Mchekeshaji mwenye kipindi cha kila usiku hana nafasi hiyo. Janga linapotokea, ratiba inamtaka aonekane kwenye meza yake baada ya siku chache, na mara nyingine baada ya saa chache, mbele ya hadhira iliyokuja kucheka na ambayo nayo imefiwa. Kwa sababu hiyo, vipindi hivi vimetoa mlolongo wa matini ambazo mchekeshaji ndani yake anaeleza hadharani kwa nini leo hachekeshi.

Makala inajibu maswali mawili. Kwanza, ni nini kinachompa mchekeshaji haki ya kusikilizwa anapoacha kuchekesha? Pili, mhakiki atatofautishaje uzito wenye thamani na ule unaotumia msiba kama pambo la msemaji? Maneno ya wachekeshaji yametolewa hapa kwa muhtasari wa Kiswahili, kwa kuwa linalochunguzwa ni muundo wa usemi na uhusiano wake na hadhira.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia za kicheko zinazotumiwa zaidi hazitoshelezi suala hili zikiachwa peke yake. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alishikilia kuwa kicheko huhitaji moyo uwekwe ganzi kwa muda, kwani anayemhurumia mtu hawezi wakati huohuo kumcheka. Kwa mantiki hiyo, janga huondoa ganzi na kicheko hufa. Maelezo haya yanafafanua kwa nini mzaha hukoma, lakini hayaelezi kwa nini watu waendelee kumsikiliza mtu ambaye kazi yake imekoma. Mikhail Bakhtin naye, katika utafiti wake juu ya Rabelais, aliona kicheko cha sherehe za umma kuwa nguvu inayopindua ngazi za mamlaka kwa muda maalumu. Hata hivyo, sherehe ya Bakhtin inapokwisha, mzungumzaji wake hurudi kuwa mtu wa kawaida. Hatuelezwi ana deni gani kwa waliocheka pamoja naye.

Dhana ya utani inaziba pengo hilo. Wanaanthropolojia waliiandikia mapema. A. R. Radcliffe-Brown aliufafanua mwaka 1940 uhusiano wa kutaniana kuwa ukosefu wa heshima unaoruhusiwa, na R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka hiyohiyo ya 1940. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki dhana hii haihitaji kutambulishwa kwa urefu. Babu na mjukuu hutaniana, mabinamu hutaniana, na makabila hutaniana, kama Wanyamwezi na Wazaramo. Mara nyingine chanzo chake ni njia za misafara ya kale, na mara nyingine ni vita vilivyokwisha.

Sifa tatu za utani ni muhimu katika makala hii. Ya kwanza ni kwamba idhini ya kutania ni ya pande mbili: anayetania leo hutaniwa kesho. Ya pili ni kwamba anayetaniwa hapaswi kukasirika, maana akikasirika yeye ndiye aliyevunja ada. Ya tatu, ambayo mara nyingi husahauliwa utani unapotajwa kama mzaha tu, ni kwamba mtani ana kazi msibani. Desturi hutofautiana baina ya jamii, lakini sura yake ya jumla inajulikana. Watani hufika kwenye matanga, huigiza mwendo na usemi wa marehemu, hutaja ubahili wake mbele ya wafiwa, huzuia jambo fulani lisiendelee mpaka walipwe chochote. Watani haohao ndio wanaotarajiwa kushika majembe, kubeba jeneza na kusaidia shughuli ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Kwa hiyo mzaha na jembe hutoka katika mkataba mmoja. Anayekuja kucheka akakwepa kaburi si mtani, ni mtu anayedhihaki maiti.

Dhana hii inatumika hapa kama kifaa cha kusomea matini za kigeni. Haidaiwi kuwa Wamarekani wana utani. Tofauti za msingi zipo na zitajadiliwa katika sehemu ya 4.0.

3.0 Uchambuzi wa Matini

3.1 Septemba 2001: Wasemaji Wawili, Hatima Mbili

Mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 yalisimamisha vipindi vya vichekesho nchini Marekani kwa siku kadhaa. Wachekeshaji wawili wa kisiasa waliorudi hewani katika juma lililofuata wanafaa kulinganishwa.

Tarehe 17 Septemba, Bill Maher, mwendeshaji wa kipindi cha Politically Incorrect katika kituo cha ABC, alipinga watekaji wa ndege kuitwa waoga. Alisema kuwa uoga ungefaa zaidi kutajwa kwa wale wanaorusha makombora kutoka mbali. Maneno yale hayakuwa mzaha. Yalikuwa hoja iliyosemwa kwa uzito. Baadhi ya kampuni zilizokuwa zikitangaza biashara katika kipindi hicho zilijitoa, msemaji wa Ikulu ya Marekani akawakumbusha wananchi waangalie wanachosema, na katikati ya mwaka 2002 kipindi kikaondolewa.

Tarehe 20 Septemba, Jon Stewart alirudi katika The Daily Show ya kituo cha Comedy Central. Alianza kwa kuwauliza watazamaji hali zao, kisha akawaomba radhi kwa kuwaletea hotuba nyingine ya mwendesha kipindi aliyetikisika, wakati runinga ilikuwa tayari imejaa hotuba za namna hiyo. Alieleza kuwa wamerudi kwa sababu waliambiwa warudi kazini, na kwamba hakukuwa na kazi iliyotangazwa kwa mtu anayetaka kujikunja chini ya meza na kulia, ambayo yeye angeiomba kwa furaha. Baadaye alisimulia kumbukumbu ya mwaka 1968, alipokuwa na umri wa miaka mitano na Martin Luther King alipouawa. Shuleni kwao taa zilizimwa na watoto wakaambiwa wakae chini ya madawati, na kwa utoto wake yeye aliona ni jambo la kufurahisha. Alimaliza kwa kueleza kuwa dirisha la nyumba yake lilikuwa likitazama majengo ya World Trade Center, na kwamba sasa yameondoka, linatazama Sanamu ya Uhuru.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni muundo. Hotuba hii hutajwa kama wakati ambapo mchekeshaji alivua vazi lake, lakini matini inaonyesha vingine. Taswira ya mtu mzima anayetamani kujificha chini ya meza inaletwa kwanza kama mzaha mdogo. Dakika chache baadaye inarudi kama kumbukumbu ya mtoto aliyefichwa chini ya dawati siku ambayo taifa lilikuwa likiungua. Kurejea taswira iliyokwisha kutajwa ni ufundi wa kawaida wa mchekeshaji: kitu kinachotajwa mwanzoni bila uzito hurudi mwishoni kikiwa na maana mpya, na hapo ndipo hadhira huangua kicheko. Stewart ametumia ufundi uleule, ila mahali pa kicheko amepaachia kilio. Dirisha nalo limejengwa hivyohivyo, kwa kuweka matarajio kisha kuyageuza. Hivyo sanaa haikuondoka. Kilichoondoka ni shabaha ya kudhihakiwa.

Jambo la pili ni nafasi ya msemaji. Usiku ule Stewart alisema kama mfiwa. Aliishi New York na alikuwa ameliona pengo dirishani kwake. Alikiri pia kuwa kazi yake ya kukaa nyuma na kurusha vijembe ni anasa ambayo nchi imempa. Kukiri huku ni muhimu. Kwa lugha ya utani, alikuwa akitaja idhini yake hadharani na kukubali kuwa ina mwenyewe aliyeitoa. Maher hakufanya hivyo. Alifika msibani akiwa na hoja, na hoja yake ilisikika kama lawama kwa wafiwa kabla hawajatandika mikeka.

Hata hivyo, mhakiki asikimbilie kuhitimisha kuwa Stewart alifaulu na Maher alishindwa. Yapo maelezo mengine yasiyofurahisha. Hotuba ya Stewart iliwapa watazamaji walichokuwa wakikitaka, yaani faraja na picha ya taifa lililo moja. Maher aliwapa wasichokitaka. Ikiwa uzito wa mchekeshaji hukubaliwa tu unapokubaliana na hadhira, basi hauna tofauti na tangazo. Ndiyo maana mtani wa msibani ni kielelezo chenye manufaa hapa. Yeye ana ruhusa ya kutaja ubahili wa marehemu mbele ya watoto wake, na watoto hawana ruhusa ya kukasirika. Maher hakuwa na ulinzi wa ada kama hiyo. Idhini yake ilikuwa mikononi mwa watangazaji wa biashara, nao walikasirika. Swali linalobaki ni kama Stewart mwenyewe angeweza siku moja kuwaambia wafiwa jambo lisilowapendeza.

3.2 Juni 2015: Lawama kwa Waliofiwa

Jibu lilipatikana miaka 14 baadaye. Tarehe 17 Juni 2015, watu tisa weusi waliuawa kwa risasi na kijana mzungu wakati wa mafunzo ya Biblia katika kanisa la Emanuel AME, mjini Charleston, jimbo la South Carolina. Usiku uliofuata Stewart aliwaambia watazamaji kuwa kazi yake ni kuandika mizaha na kwamba siku hiyo hakuwa nayo. Tofauti na mwaka 2001, hakufariji. Alilinganisha namna taifa lilivyoanzisha vita na kutumia mateso kwa jina la kuwalinda raia dhidi ya magaidi wa kigeni, na namna linavyoinua mabega muuaji anapokuwa wa nyumbani. Alitaja kuwa katika jimbo hilo watu weusi hupita katika barabara zilizopewa majina ya majenerali waliopigania mfumo wa utumwa, huku bendera ya majimbo yaliyojitenga ikipepea. Alitabiri kuwa taifa litakiri ubaya huo na bado halitafanya lolote.

Hapa nafasi ya msemaji ni nyingine. Stewart ni mzungu wa New York, hivyo wafiwa wa karibu hawakuwa jamaa zake. Hakudai ufiwa wao wala hakusimulia utoto wake. Alisimama mahali pa mtani, akataja aibu ya nyumba mbele ya wenye nyumba. Hadhira aliyoilaumu ni ileile iliyokuwa ikicheka naye kwa zaidi ya miaka 16, na alikuwa amebakiza majuma machache tu kabla ya kuondoka katika kipindi hicho mwezi Agosti. Lawama ambayo mwaka 2001 ilimgharimu Maher kipindi chake ilipokelewa mwaka 2015 kwa sababu msemaji alikuwa na akiba. Ilikuwa imewekwa mzaha kwa mzaha, usiku kwa usiku, na katika mizaha hiyo aliijumuisha mara kwa mara nafsi yake mwenyewe na kazi yake.

Mwezi uliofuata, baada ya kura katika bunge la jimbo, bendera ile iliteremshwa katika viwanja vya makao ya serikali ya South Carolina, tarehe 10 Julai 2015. Si haki kuhusisha tukio hilo na hotuba ya runinga, kwani madai ya kuiondoa yalikuwa ya miaka mingi na yalibebwa na wananchi wenyewe. Linaloweza kusemwa ni kwamba utabiri wa Stewart haukutimia wote, na kwamba kukata tamaa kwake, ingawa kulikuwa kwa kweli, hakukuwa kipimo sahihi cha uwezo wa waliofiwa.

3.3 Oktoba 2004: Kinga ya Vikaragosi

Katikati ya matini hizo mbili iko moja inayoonyesha upande dhaifu wa mchekeshaji. Tarehe 15 Oktoba 2004 Stewart alialikwa katika kipindi cha mabishano cha Crossfire cha kituo cha CNN. Badala ya kuchekesha, aliwalaumu waendeshaji wake, Tucker Carlson na Paul Begala, kuwa wanaidhuru nchi kwa kugeuza mjadala wa kisiasa kuwa mchezo wa jukwaani. Lawama hiyo ilikuwa nzito na kwa sehemu kubwa ya haki. Carlson alipojibu kwa kumuuliza mbona yeye alimhoji mgombea urais John Kerry kwa maswali laini, Stewart alijitetea kuwa kipindi kinachotangulia chake ni cha vikaragosi wanaopiga simu za utani.

Utetezi huu ulichekesha na kushangiliwa, na mapema mwaka 2005 CNN ilitangaza kukiondoa kipindi cha Crossfire. Pamoja na hayo, hoja ya Carlson haikujibiwa. Stewart alidai mamlaka ya anayesema kwa uzito, na papo hapo akadai kinga ya asiyepaswa kuchukuliwa kwa uzito. Katika utani jambo hili haliwezekani, kwa kuwa idhini ni ya pande mbili: anayemtajia mwenzake ubahili hana budi kukaa kimya ubahili wake mwenyewe unapotajwa. Mwaka 2004 mchekeshaji alitania na akakataa kutaniwa.

Udhaifu huu una madhara makubwa kuliko usiku mmoja wa mabishano. Watazamaji wengi, hasa vijana, walikuwa wakimchukulia Stewart kuwa chanzo cha habari wanachokiamini. Msemaji mwenye imani ya kiasi hicho akiweza kuikana kila anapoulizwa, tashtiti hugeuka kuwa mamlaka isiyowajibika kwa mtu, sawa na mamlaka ambayo tashtiti huahidi kuyafichua.

3.4 2010 hadi 2019: Kazi ya Jembe

Matini za baadaye zinaonyesha kinga hiyo ikiwekwa chini. Tarehe 16 Desemba 2010 Stewart alitumia kipindi chake cha mwisho cha mwaka kuzungumza na waokoaji wanne waliougua kutokana na kazi waliyoifanya katika kifusi cha World Trade Center, wakati mswada wa matibabu yao ulikuwa umekwama katika Seneti. Mswada huo ulipitishwa siku chache baadaye. Fedha za fidia zilipokaribia kwisha, tarehe 11 Juni 2019 Stewart alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi. Wakati huo hakuwa tena na kipindi. Alilalamikia viti vya wabunge vilivyokuwa vitupu mbele ya chumba kilichojaa wagonjwa. Pamoja naye alitoa ushahidi Luis Alvarez, mpelelezi mstaafu wa polisi wa New York, ambaye alifariki kwa saratani tarehe 29 mwezi huohuo. Sheria ya kuendeleza mfuko wa fidia ilitiwa saini tarehe 29 Julai 2019, na inaruhusu madai hadi mwaka 2090.

Kimtindo, ushahidi wa mwaka 2019 hauna mzaha wa kupoza. Ufundi wa mchekeshaji unaonekana katika jambo moja: kuona kilichopo na kukitaja. Viti vitupu ni taswira ambayo mchekeshaji yeyote wa kisiasa angeipenda. Katika studio, picha ya viti hivyo ingerushwa, mwendesha kipindi angenyamaza kidogo na kuinua nyusi, na hadhira ingecheka. Mbele ya kamati hapakuwa na hadhira ya kucheka. Kulikuwa na waliokaa nyuma yake, wengi wao wagonjwa, na waliokosekana mbele yake. Taswira ileile ikawa shtaka. Tena, tofauti na Crossfire, msemaji hakuwa na vikaragosi wa kujificha nyuma yao. Alisema chini ya masharti ya chombo cha taifa na mbele ya watu ambao wangeweza kumuuliza.

Ikisomwa pamoja na ile ya mwaka 2001, matini hii inakamilisha mkataba. Mwaka 2001 Stewart aliwasifu wazimamoto. Miaka 18 baadaye waliosifiwa walikuwa wakifa, na sifa peke yake ilikuwa imekwisha kuwa namna ya kuwasahau. Mithali ya Kiswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hotuba ya machozi ya mwaka 2001 ilipata thamani yake kamili pale msemaji aliporudi na jembe.

3.5 Juni 2020: Mfiwa Anayetania

Onyesho la Dave Chappelle, 8:46, linaleta hali tofauti. Lilirekodiwa tarehe 6 Juni 2020 mahali pa wazi katika jimbo la Ohio, mbele ya watazamaji waliovaa barakoa na kukaa mbalimbali kwa sababu ya UVIKO-19. Lilitolewa bila malipo katika YouTube siku chache baadaye. Lina takribani dakika 27. Jina lake linarejelea dakika 8 na sekunde 46, muda uliotajwa wakati huo kuwa ndio polisi wa Minneapolis aliomkandamiza George Floyd shingoni kwa goti hadi kufa. Baadaye ilibainika katika kesi kuwa muda huo ulizidi dakika 9.

Chappelle anaanza na tetemeko la ardhi la Northridge la mwaka 1994. Anakumbuka hofu yake ya kufa, kisha anasema kuwa tetemeko lile halikuzidi sekunde 35. Baada ya hapo ndipo anapoleta dakika 8 na sekunde 46. Kifaa anachokitumia ni kile ambacho mchekeshaji hukijua kuliko msemaji mwingine yeyote, yaani kupima wakati. Hadhira hufundishwa kwanza urefu wa sekunde 35 kwa hofu ya mtu mmoja, na kipimo hicho kikishakaa akilini ndipo inapotakiwa kukadiria muda ule mwingine. Takwimu iliyokuwa imerudiwa katika habari mpaka ikachujuka inarudishiwa uzito wake.

Chappelle ni mfiwa. Anataja kuwa 8:46 ndiyo saa iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Anamtaja John Crawford, kijana mweusi aliyeuawa na polisi dukani Beavercreek, Ohio, mwaka 2014, na kusimulia kuwa polisi aliyefyatua risasi alikuwa amemsimamisha yeye barabarani usiku mmoja kabla. Anamalizia kwa mzee wa ukoo wake, askofu wa kanisa la AME aliyeongoza ujumbe wa watu weusi kwenda kwa Rais Woodrow Wilson kulalamikia mauaji yasiyo na hukumu. Anakiri pia kuwa onyesho hili halichekeshi.

Hata hivyo mzaha haukosekani. Baada ya simulizi nzito huja matusi makali kwa watangazaji waliomdhalilisha marehemu, na hadhira hucheka. Hapa kielelezo cha utani kinapindika, kwa kuwa mfiwa na mtani wamekutana katika mwili mmoja. Matokeo yana nguvu, lakini pia yana kasoro. Baadhi ya matusi yanamlenga mwanamke kwa mwili wake badala ya kauli yake, na kwa muda huo mzaha unapoteza uhusiano na msiba. Mtani angepewa jukumu la kumzuia mfiwa asiende huko. Chappelle hakuwa na mtani jukwaani.

Kuna jambo jingine linalomtofautisha. Anakataa wito wa mtangazaji wa runinga aliyewataka watu maarufu waseme. Anajibu kuwa barabara zenyewe zimekwisha kusema, na kwamba sauti ya mchekeshaji haihitajiki mbele ya waandamanaji. Ni kauli yenye ukinzani, kwa kuwa inatolewa katika onyesho la dakika 27. Lakini inaweka mpaka ambao Stewart wa mwaka 2004 hakuuweka: mchekeshaji anakiri kuwa msiba una wenyewe, na kuwa yeye si msemaji wao mteule.

4.0 Mjadala

Kutokana na uchambuzi huu, vipimo vitatu vinaweza kupendekezwa. Cha kwanza ni nafasi: msemaji ni mfiwa au ni mtani, na je, amedai ufiwa usio wake? Cha pili ni kinga: anapodai kusikilizwa kwa uzito, amekubali pia kuulizwa kwa uzito? Cha tatu ni kazi: baada ya hotuba kulifuata nini alichokifanya yeye mwenyewe? Kwa vipimo hivi, hotuba ya Jimmy Kimmel ya tarehe 1 Mei 2017, aliposimulia kwa machozi upasuaji wa moyo wa mtoto wake mchanga na kutetea bima ya afya kwa wote, haitathminiwi kwa machozi yale. Inathaminiwa zaidi kwa kuwa mwezi Septemba mwaka huo alirudi kuufuatilia mswada uliohusika, akitaja kifungu kwa kifungu, na kukubali kubishana na seneta aliyeuandika.

Pingamizi kubwa dhidi ya mkabala huu ni kwamba mchekeshaji wa runinga ni mwajiriwa. Idhini yake imenunuliwa na kituo, na hadhira yake haina njia ya kumtania naye. Pingamizi hili ni la kweli, na kisa cha Maher kinalithibitisha. Lakini halivunji mkabala, bali linaonyesha unachokipima. Katika jamii yenye utani, ada ndiyo inayomlazimisha mtani kushika jembe. Katika runinga hakuna ada ya kumlazimisha mtu, hivyo anayelishika amelishika kwa hiari, na mwenye kulikwepa hatalaumiwa na yeyote isipokuwa mhakiki. Hapo ndipo uhakiki unapopata wajibu ambao haukuwa nao ulipokuwa ukihesabu mbinu. Mahali ambapo ada haipo, tathmini ya wazi na ya haki ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kumkumbusha mchekeshaji kuwa anadaiwa.

5.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa mchekeshaji wa kisiasa anaposema kwa uzito hatoki katika sanaa yake. Ufundi wake wa kurejea taswira, kugeuza matarajio na kupima wakati huendelea kufanya kazi, ila shabaha hubadilika. Imeonyesha pia kuwa haki yake ya kusikilizwa wakati wa janga hutokana na uhusiano uliojengwa kwa mzaha kabla ya janga, na kwamba uhusiano huo una madai yake. Stewart wa mwaka 2004 aliyakwepa madai hayo, na Stewart wa mwaka 2019 aliyatimiza. Chappelle alitambua mpaka wake hata pale alipouvuka.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, makala inapendekeza kuwa kejeli na tashtiti zichunguzwe pia kama uhusiano baina ya msemaji, mlengwa na hadhira, pamoja na haki na wajibu wa kila mmoja. Utani ni hazina ya nadharia ambayo lugha hii inayo tayari. Utafiti zaidi unaweza kuipima dhana hiyo katika vichekesho vya kisiasa vya Afrika Mashariki yenyewe, ambako hadhira humjua mtani wa kweli na inaweza kumtofautisha mapema na anayekuja msibani kutafuta kicheko.